Sauti ya Pili Ilikuwa Yangu

Baba Zubeda,

Nakusalimu kwa salamu ya Mungu, wewe na wote waliokupa mahali pa kulala huko ng'ambo ya Rovuma. Sisi tu wazima, kwa uzima wa siku hizi. Ulisema tusitumiane sauti kwenye simu, na mimi sijavunja neno lako, ndiyo maana naandika. Naandika wazi, kila mtu asome, kwa sababu habari zetu zimeshasemwa sana visimani na vibarazani hapa Quitunda bila sisi wenyewe kuulizwa. Majina ya watu nimeyabadilisha, na kijiji ulichopo sikitaji. Wewe utawajua wote.

Nianzie pale uliponijua. Nilikuwa nimetoka Quiterajo na shangazi, tumekaa sokoni Palma na korosho zetu, mimi ndiye niliyekuwa naita wateja. Ulikuwa unapita na baiskeli, ukageuka ukawa unamtafuta mwanamume. Ukanipita, ukarudi. "Nilidhani naitwa na mtu mwenye ndevu," ulisema, na shangazi akakasirika kwa niaba yangu. Mimi sikukasirika, nilikuwa nimezoea. Kwetu wasichana wenzangu walipoimba kasida niliwekwa nyuma, nikaambiwa nifungue mdomo tu bila kutoa sauti. Wewe ulinunua korosho usizozihitaji, ukawa unauliza bei tena na tena ili niendelee kusema.

Na siku mji ulipovamiwa na wale vijana wa msituni, sauti hiyo ndiyo iliyotukutanisha. Tulipotezana kwenye mikoko, moshi uko nyuma yetu, watu wamelala kwenye tope wakiziba midomo ya watoto wao. Nilikuita mara moja tu, kwa chini, nikijua kwamba nikikosea nimewaponza wote walio karibu. Ukaja. Baadaye, tulipopata hifadhi hapa Quitunda kwenye nyumba ya matofali ya mjomba wako, uliniambia kwamba kila mtu siku ile alikuwa ananong'ona na minong'ono yote ilifanana. "Yako ndiyo niliyoijua," ulisema. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko neno hilo.

Zubeda alizaliwa katika nyumba hiyo. Unakumbuka ulivyohangaika na akika yake? Mtaa mzima walikuita wewe wawapo na mnyama wa kuchinja, kwa sababu mkono wako ulikuwa mwepesi na mnyama hakuteseka, lakini kwa mbuzi wa mtoto wako mwenyewe ulikuwa kama mtu ambaye hajawahi kushika kisu. Mchana ule ulikaa mlangoni, ukachukua simu ukamwekea binamu yako Sefu ujumbe wa sauti. Mimi nilikuwa ndani na mtoto kifuani. Ulimwambia, "Sefu, kesho asubuhi tunachinja. Ni mmoja tu, tumeshamfunga hapa nyuma ya nyumba. Usichelewe." Nami nikadakia kutoka ndani, "Mwambie alete kisu chake kikubwa, hiki chetu butu."

Ni hayo tu. Tulikula, tukamnyoa mtoto, tukampa jina. Sefu alichelewa kama kawaida yake.

Zubeda alikuwa bado ananyonya ulipokwenda Palma kununua misumari ya paa. Abiria wenzako ndio walionisimulia. Kwenye kizuizi cha barabarani askari waliwashusha wote kwenye chapa, lile basi dogo la abiria, wakakusanya simu, wakawa wanazichomeka kwenye kompyuta moja moja. Nyingi zilirudishwa. Yako ilipochomekwa, kioo kikageuka chekundu, na askari waliokuwa wakipiga soga wakainuka. Walikuamuru ukae chini, mikono kisogoni. Mama mmoja aliyekuwa na kuku wake alisema hukubisha, uliwauliza tu kama unaweza kuwapa wenzako ile misumari waniletee. Misumari ilifika. Wewe hukufika.

Nilizunguka kila ofisi. Pote niliambiwa ningoje. Mwishowe nikasikia umepelekwa kusini, kwenye gereza la mji mkuu wa mkoa. Huko ndiko nilikokutana na wakili uliyepewa na serikali, yule binti wa kutoka uwanda wa Wamakonde ambaye hapa nitamwita doutora Ivone, kama mawakili wanavyoitwa kwa Kireno. Alinieleza kadiri alivyoweza. Kuna programu, alisema, imefundishwa kusikiliza lugha zetu za pwani, inazigeuza kuwa Kireno na kutoa alama ya hatari. Ilikupa alama ya juu kabisa. Walikushtaki kwa kupanga mauaji na mwanamume mwingine. Nilimwuliza ni mauaji gani na mwanamume gani. Akasema amepewa karatasi tu, sauti yenyewe wapelelezi hawajaitoa, na kwamba wewe ukiulizwa habari za yule mtu wa pili unafunga mdomo hata kwake yeye. "Mumeo anamficha mtu," aliniambia. "Anamficha nani, mama?"

Sikulala kwa swali hilo. Nitakwambia ukweli wangu wote: nilianza kuwahesabu rafiki zako mmoja mmoja moyoni. Na Sefu, aliposikia umekamatwa, alikuwa ametoroka kwenda Nampula. Majirani wakaona hilo ni jibu tosha. Waliokuwa wakikuita uwachinjie mbuzi wao walipita mlangoni wakitazama upande mwingine. Aliyebaki ni jirani yetu Bi Mwanaidi peke yake. Alikuwa akija kila asubuhi, anamchukua Zubeda mgongoni, anasema, "Nenda kamtafute mumeo, huyu mwanangu."

Siku ya kesi nilikaa benchi la nyuma. Ulipoingizwa sikukujua, mpaka ulipogeuza shingo. Ulikuwa umekonda hata masikio yako yalionekana makubwa, na mkono wako wa kushoto uliushika kwa wa kulia kama kitu cha kuazima. Hukunitazama. Mwendesha mashtaka akasoma ile karatasi kwa Kireno, polepole, na nilishika neno moja tu, degolar. Neno hilo kila mtu wa mkoa huu analijua hata kama hakusoma. Ndilo la redioni, ndilo wanalotumia wakieleza jinsi watu wetu walivyokatwa shingo. Watu benchini walivuta pumzi. Nami, Baba Zubeda, bado sikuelewa.

Doutora akasimama. Alisema karatasi si shahidi, hawezi kuiuliza swali, kwa hiyo anaomba sauti yenyewe isikike mahakamani. Mwendesha mashtaka akapinga kwamba programu imeshafanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu. Hakimu, mzee wa miwani mwenye uso usiosomeka, akaweka kalamu chini, akasema iletwe.

Ndipo ukasikika. Sauti yako ya zamani, ya mtu aliyeshiba, mwenye mtoto mchanga ndani. Kesho asubuhi tunachinja. Ni mmoja tu, tumeshamfunga hapa nyuma ya nyumba. Hapo hapo nilimwona mbuzi yule. Na kabla sijafungua mdomo ikatoka ya pili, nzito, ya karibu: mwambie alete kisu chake kikubwa. Mwendesha mashtaka akanyanyua kidole, akasema huyo ndiye mwanamume wa pili, ambaye mshtakiwa amekataa kumtaja.

Uliinua kichwa. Ulinitafuta benchi kwa benchi mpaka ukaniona, ukatikisa kichwa kidogo sana. Hakuna aliyekuona isipokuwa mimi. Nikaelewa kimya chako cha miezi yote ile. Nikaelewa na mkono wako uliumizwa kwa nini.

Nilijua kusimama ni nini. Maneno ya kisu yalikuwa yangu. Nikisema ni mimi, nimejiweka ulipo wewe, na Zubeda angebaki na nani? Nikasimama. Mlinzi akaniamuru niketi. Nikasema kwa lugha yangu, kwa sauti ile ile Mungu aliyonipa: "Sauti ya pili si ya mwanamume. Ni yangu mimi, mkewe."

Hakimu aliniita mbele, doutora akawa anatafsiri. Akanitaka niyaseme maneno yale tena. Nikayasema. Watu wakageukiana. Mwendesha mashtaka akasema mashine imepima ikakuta ni mwanamume, na hakimu akamjibu kwa upole kwamba yeye amepima kwa masikio yake sasa hivi. Kisha akaniuliza, "Kisu kilikuwa cha nini?"

"Cha mbuzi," nikasema. "Mbuzi wa akika ya binti yetu."

Akauliza mbona mbuzi hatajwi popote. Hapo nikamweleza kwamba sisi mnyama tunamsema kama mtu. Tumemfunga, amenona, ni mmoja tu. Mtu akisema anachinja asubuhi wala hakusema nini, kila jirani atakuja na sahani yake. Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa.

Hawakukuachia siku hiyo, unajua. Nami walinizuia pia, kwenye chumba cha wanawake, mpaka doutora alipomfuata Sefu kwa maneno mazuri akajitokeza, na sauti yangu ikapimwa tena na tena. Maziwa yalinikauka humo. Bi Mwanaidi alimlisha mwanangu uji, akamlaza na wajukuu zake, na nilipotoka nilimkuta Zubeda amenenepa na hanijui. Nililia mlangoni kwa Bi Mwanaidi, naye akaniambia kulia ni kwa mtu aliyefiwa, mimi nimefufuliwa.

Ulirudi nyumbani baada yangu. Ulikuwa unakaa ukitazama ukuta wa matofali. Simu uliitupa chooni. Kisu ulimpa Sefu, mtu akija kukuomba umchinjie unamwelekeza kwake. Jambo moja tu uliniambia la kule ndani, na uliniambia tukiwa tunapalilia mihogo, bila kunitazama. Walikuwa wakikuuliza kila siku mwanamume wa pili ni nani. "Nikawajibu hakuna mwanamume," ulisema. "Ningemtaja mbuzi, wangefika kwako. Sikusema uongo hata siku moja." Nilitaka kukushika mkono, ukauficha mfukoni.

Kisha akaja doutora na ombi lake. Hakimu yule alikuwa ameamua kwamba karatasi ya mashine haipokelewi kwake tena mpaka mtu wa lugha ile asikilize sauti na kuapa alichosikia. Walikuwa wanatafuta watu, naye akanitaja mimi. Ulikataa kabla hajamaliza chai. Ulisema nikiingia huko nitakuwa nawatengenezea mashine yao, nikiwasahihisha leo, kesho itajua zaidi, keshokutwa itamkamata mwingine. Nikakuuliza, na wale waliomo ndani sasa hivi, wanaosingiziwa mbuzi wao? Ukachukua jembe ukatoka. Wiki chache baadaye ulisema unavuka ukapumue kidogo. Sikukuzuia. Kifua chako nilikuwa nakisikia usiku, kweli kilikuwa hakipumui.

Sasa nikwambie usiyoyajua. Nimesikiliza wengi tangu uondoke. Mvuvi aliyesema atamlipua mwenzake, maana yake atamsema mbele ya watu kwa kumnyang'anya mke. Mzee aliyemwambia mwanawe "vijana wa msituni wamefika," naye alikuwa na nyani kwenye mahindi. Wote hao walirudi kwao. Kila aliporudi mtu, watu wa hapa walinisalimia kwa mikono miwili, na mimi nikajiona nimepata kazi ya thawabu isiyo na doa.

Halafu akakamatwa Rashidi. Ndiyo, fundi wa mashine za boti, mtoto wa Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi alikuja asubuhi, kama alivyokuwa akija zamani. Hakukaa. Aliniambia hana wasiwasi, kwa sababu mimi nipo. "Wewe ndiye uliyewaambia mashine yao inasema uongo," alisema. "Kawaambie tena." Nikamjibu nitasema nitakachosikia. Akamnyanyua Zubeda akambusu, akaondoka.

Waliniweka kwenye chumba chenye feni mbovu, nikaapa juu ya msahafu, nikavalishwa vile vifuniko vya masikio. Ilikuwa sauti ya Rashidi bila shaka yoyote, ile ya kuvuta maneno. Alikuwa anamwambia mtu nisiyemjua kwamba mzee amehamia chumba cha nyuma, mlango wake haufungi, na waje Ijumaa watu wakiwa msikitini. Unamjua mzee aliyekutwa ameuawa kwenye chumba cha nyuma siku ya Ijumaa. Alikuwa mkuu wa mtaa wetu, ulimwosha wewe mwenyewe na wenzako.

Niliomba irudiwe. Ikarudiwa. Nikaomba tena. Nilimtafuta mbuzi, Baba Zubeda. Nilitafuta kila neno lina mlango gani mwingine, nikasema labda mzee ni injini, mafundi huita injini kuukuu mzee, labda chumba cha nyuma ni cha boti. Nikamtafuta mpaka doutora akagusa bega langu. Mwisho wa ujumbe Rashidi anacheka kidogo, anasema, "Shingo yake nyembamba, hamtachoka." Karatasi ya mashine ilikuwa mezani. Mara hii haikukosea hata neno.

Nikaenda mbele ya hakimu nikasema hivyo. Rashidi hakunitazama. Mama yake, aliyekuwa kwenye benchi lile lile nililokaa mimi, alikuwa ananitazama tangu nilipoingia. Nilipomaliza alijifunika uso kwa ukingo wa kanga, akatoka nje akitembea kwa kushika ukuta.

Tangu siku hiyo naitwa Mama Mashine. Hawaniiti mbele yangu, lakini ukuta wa matofali unapitisha maneno. Wengine wanasema nimenunuliwa. Wengine, na hawa ndio walionishangaza, wanakuja kinyemela kunipa pole, hasa mjane wa yule mzee, aliyeniletea mchele chini ya kanga yake. Bi Mwanaidi ananipita kisimani kama anavyopita gogo. Jana nilimtwika ndoo, hakuna mwingine aliyekuwepo wa kumtwika. Aliniachia nimtwike, akaenda zake. Namdai nini? Mimi ndiye ninayedaiwa, na deni lake halilipiki kwa kusema uongo. Kama anasoma hii, au anasomewa, ajue kwamba ningeweza kuona njia nyingine ningeipita.

Hofu ninayo, sikufichi. Juzi mtu nisiyemjua alisimama kwenye duka la kona akauliza kama ni kweli nalala peke yangu na mtoto. Mwenye duka alimjibu kwamba nina kaka zangu wanne ndani ya nyumba. Nimeweka komeo la chuma. Doutora ameniombea mahali pengine pa kukaa karibu na mahakama, naenda huko kabla ya Ijumaa.

Kwa hiyo utakapoisoma hii Zubeda atakuwa keshavuka na Sefu, yuko mikononi mwako. Usimkatalie uji wa muhogo, maziwa ya unga hayapendi. Pikipiki zinamtisha, mfunike masikio zikipita. Akilala anashika sikio la mtu aliye karibu, mwachie sikio lako. Akikuogopa siku za mwanzo usiumie, na mimi aliniogopa.

Najua utauliza kwa nini sikuja naye. Uliponiambia nikiwasahihisha mashine itajua zaidi, ulisema kweli, na sikubishii. Ninachojua ni kwamba iwe imekosea au imepatia, yenyewe haijui tofauti. Haikushtuka kwako, haikushtuka kwa Rashidi. Lazima pawe na mtu mle ndani wa kushtuka. Wiki ijayo naitwa tena, ni mwanamke anayeuza mandazi, kioo kilikuwa chekundu kwake pia. Sijui nitasikia nini. Naomba Mungu nisiwe nimeshaamua kabla ya kusikia, si kwa upande wake wala kwa upande wao.

Ukiweza kurudi, rudi. Usipoweza, sitakulaumu, na usiruhusu mtu akuambie nimekulaumu. Lala salama huko uliko, na mkono wako uupeleke kwa mganga wa hospitali, vidole visizoee kukunjika.

Mtoto akiuliza mama yuko wapi, usimwambie anakuja kesho. Mwambie yuko kazini, anasikiliza watu.

Mkeo akupendaye,
Mama Zubeda